Staringi Hafi

Mwishoni mwa Oktoba 1978, wanajeshi wa Idi Amin walipovuka Mutukula na kuikalia ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, Waziri wa Ulinzi wa Tanzania alikuwa mtu aliyewahi kuigiza filamu. Rashidi Mfaume Kawawa tunamkumbuka kwa mengine: waziri mkuu, Simba wa Vita, mtu wa karibu wa Mwalimu aliyebebeshwa kila kazi ngumu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla TANU haijazaliwa, sura yake ilikuwa imeshapita kwenye pazia jeupe katika Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, filamu za Kiswahili zilizopigwa Tanganyika na kampuni ya Afrika Kusini chini ya mpango wa serikali ya kikoloni. Staringi wa mwanzo kabisa wa nchi hii ndiye aliyekuwa na dhamana ya jeshi siku Kagera ilipovamiwa. Mtunzi wa hadithi angeandika hivyo, tungemwambia ametia chumvi.

Nimemtanguliza Kawawa kwa sababu historia ya waigizaji wapendwa katika Bukoba na Muleba haiandikiki kwa kufuata tuzo wala majumba ya sinema. Huku mwigizaji ni kalenda. Mtaje Bruce Lee, mzee atakuhadithia kahawa ilivyokuwa ikilipwa wakati ule na nani alikuwa na baiskeli. Mtaje Rambo, atanyamaza kidogo, kisha atakutajia waliokuwa wameanza kukonda. Filamu yenyewe huenda ameshaisahau, ila waliokaa naye kwenye benchi anawajua kwa majina.

Picha zilianza kwa kutembea. Kwa watu wa Kamachumu, Nshamba au Rubya, sinema ilikuwa ni gari la serikali, jenereta, shuka lililofungwa kati ya miti miwili, na mtu mwenye kipaza sauti. Waingereza walikuwa na kitengo chao cha filamu za makoloni tangu mwaka 1939, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokatwa haraka haraka. Kwa hiyo wakatengeneza filamu za polepole: choo kinachimbwa, mbu anatua, kahawa inachumwa ikiwa imeiva. Wahaya waliokuwa wakilima kahawa kabla ya Mjerumani, na ambao mwaka 1950 walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, waliletewa picha za kuwafundisha kahawa. Walikwenda hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa sinema ya bure na kulikuwa na mwezi. Katika maonyesho hayo, mwenye kipaza sauti ndiye aliyekuwa na kazi kubwa: kutafsiri, kufafanua, kutania, kumkemea mlevi anayepita mbele ya taa. Mtu huyo tutakutana naye tena mbele, akiwa na cheo cha kijeshi.

Nadharia ya Sellers ilikufa kifo cha aibu. Ndani ya miaka 20 watoto wa mataifa yale yale walikuwa wakifuata mapigo ya Bruce Lee, ambayo jicho la mzungu mwenyewe lilikuwa likiyapoteza. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, na Enter the Dragon ikatoka mwezi uliofuata. Maana yake ni kwamba walio wengi katika Afrika Mashariki walianza kumpenda akiwa ameshazikwa. Habari hiyo watoto hawakuikubali. Kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa, inayojulikana toka Bukoba hadi Tunduru: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho lazima arudi kulipiza. Mtu aliyewaangusha watu 40 kwa mikono mitupu angekufaje kwa kidonge cha kichwa?

Wahindi nao walikuwa na staringi wao, na hawa walipendwa na mama zetu. Raj Kapoor wa Awaara, Nargis wa Mother India, baadaye Amitabh Bachchan na Dharmendra wa Sholay ya mwaka 1975. Lugha haikuwa kikwazo. Mama mkwe mkorofi, shamba lililoporwa na mkopeshaji, ndugu wawili waliopotezana utotoni: hizo kesi zote zilikuwa zikisikilizwa kila wiki kwenye mabaraza ya kijiji, tena kwa machozi yale yale. Nargis akiburuta jembe tumboni mwa shamba alikuwa mwanamke wa kibanja kabisa, tofauti ni sari tu. Kwa maoni yangu hakuna mwigizaji wa Magharibi aliyewahi kukaribia pale alipofika Nargis, na sioni kama atatokea.

Isipokuwa mmoja, na watu husahau kwamba yule ni mwigizaji. Mwaka 1979 ilitoka filamu ya maisha ya Yesu iliyofuata Injili ya Luka, ambayo mpaka sasa imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Aliyecheza Yesu ni Mwingereza, Brian Deacon. Katika nchi iliyomtoa Laurean Rugambwa wa Kamachumu, Mwafrika aliyepewa ukardinali mwaka 1960, na iliyojaa parokia, seminari na hospitali za misheni, sura ya Deacon ilipokelewa kwa namna ambayo hakuna nyota wa Hollywood aliyewahi kuiota. Vikongwe walifanya ishara ya msalaba. Kwa wengi wa Muleba vijijini huyo ndiye mwigizaji wa kwanza waliyemwona, na jina lake hawakulijua kamwe. Halafu alikufa mbele ya macho yao, akafufuka. Sheria ikabaki salama.

Nje ya pazia mambo yalikuwa mengine. Vita ile iliyoanza Oktoba 1978 ilivunja daraja la Kyaka, ikateketeza vijiji, ikaswaga watu wa kaskazini kuja kusini na vitanda vichwani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa kwa upande wetu wengi wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, katika safu za makaburi zilizonyooka kama gwaride. Mkoa wenyewe ukabadilishwa jina, kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera.

Mwaka 1981 Sharad Patel, mtengenezaji filamu wa Kenya, akatoa picha kuhusu Amin, na nafasi ya Amin akampa Mkenya mwenzake, Joseph Olita. Kwa walioiona picha ile Kagera, mjadala wa uigizaji bora unaishia hapo. Olita alikuwa na mwili wa Amin, kicheko cha Amin, na jicho lile linalocheka wakati mdomo haucheki. Filamu ina ukatili wa bei rahisi, vichwa vya watu kwenye jokofu na mengineyo, na wahakiki waliiponda kwa haki. Lakini mtu aliyelala porini na watoto wiki mbili akiogopa sauti ya gari haji kwenye picha kutafuta ustadi. Anakuja kumwangalia adui yake akiwa amefungiwa ndani ya shuka, ambapo hawezi kutoka. Kuna waliomtukana Olita kwa Kihaya, kwa ukoo na kwa mama, na waliporudi nyumbani walilala vizuri.

Olita alirudia kumcheza Amin katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, na akafariki mwaka 2014. Kati ya hapo Forest Whitaker alikuja Kampala kupiga The Last King of Scotland, akapata Oscar mwaka 2007, na dunia ikasema huyo ndiye Amin. Whitaker ni fundi mkubwa, simpunguzii. Lakini hadithi ile inafika kilele Entebbe, mwaka 1976, miaka miwili kabla ya Kyaka, Kagera haimo. Amin wa Whitaker anamtisha daktari mmoja kijana kutoka Scotland. Wa Olita anatufikia sisi. Na hapo ndipo kichekesho chenye uchungu: mwigizaji aliyeigusa historia ya Kagera kwa karibu kuliko wote ni mgeni, na alicheza adui. Kama vile haitoshi, Bukoba ilipopata umeme wa uhakika kidogo wa kuwashia deki, umeme huo kwa miaka mingi ulitoka Masaka, Uganda.

Deki zilikuja baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Kufumba na kufumbua kila senta ikawa na kibanda umiza: kuta za mabanzi au turubai, mabenchi yasiyo na mgongo, jenereta inayokoroma nyuma, runinga moja iliyoinuliwa juu kama sanamu ya mtakatifu. Senene wa kukaanga wakiuzwa mlangoni msimu wake. Humo ndimo alimotawala Sylvester Stallone, ambaye jina lake hakuna aliyelihitaji kwa kuwa alikuwa Rambo, na Arnold Schwarzenegger, ambaye alikuwa Komando, na Chuck Norris, Van Damme, Jackie Chan. Wasomi wa Dar es Salaam waliandika kwamba picha hizi zinawafundisha vijana ubabe. Labda. Mimi nadhani vijana wa huku walikuwa wameshafundishwa vita na vita yenyewe. Rambo aliwapa kitu kingine, yaani askari mmoja anayekwenda kuwachukua waliosahauliwa na kurudi nao wote.

Na Rambo wa Kagera alizungumza Kiswahili. Hapa anarudi yule mtu wa kipaza sauti. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, aliketi mbele ya runinga na kuifuata picha kwa sauti yake: anatafsiri, anasimulia, anachomeka methali, anampa mhusika jina la mtaa, anamwonya staringi kwamba nyuma yako kuna mtu. Mikanda yake ilinakiliwa ikasambaa mikoani. Kwa ukoo ule, Mukandala, watu wa Kagera walimdai ni wao bila kuuliza zaidi. Ng'ambo ya mpaka Waganda nao walikuwa na watafsiri wao wa vibandani, na kwa masikio ya Mhaya Kiganda si kigeni sana, hivyo picha moja iliweza kuangaliwa mara mbili ikawa picha mbili tofauti. Waliomsikia Lufufu hawaikubali filamu ya Komando isiyo na sauti yake. Wanasema imekatwa.

Miaka hiyo ya vibanda ndiyo miaka ya ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kilichofuata kinajulikana kwa kila ukoo kuanzia Bukoba hadi Muleba na kingine hakisemwi mpaka leo. Nyumba zilifungwa milango. Bibi alibaki na wajukuu sita. Mabenchi ya kibandani yalikuwa na vijana wa umri uleule uliokuwa ukipukutika, na kwenye kioo staringi alikuwa hafi, hafi, hafi.

Uigizaji uliokuja kuzungumza na msiba huo ulikuja kwanza kwa redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na humo mlikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Hakuna aliyemwona Mkwaju kwa sura, ila madereva walianza kuitwa jina lake kwa kejeli. Miaka hiyohiyo Zimbabwe ilitoa Neria, Jesesi Mungoshi akicheza mjane anayeporwa mali na shemeji yake. Filamu hiyo mashirika yaliizungusha sana Afrika Mashariki, na katika mkoa wenye wajane wengi namna ile na vibanja vya urithi visivyo na karatasi, ilikuwa zaidi ya burudani. Kuna mashemeji walioondoka kabla haijaisha.

Kisha akaja mtoto wa nyumbani. Josiah Kibira alikulia Bukoba, mwana wa Askofu Josiah Kibira, yule Mlutheri aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kijana alihamia Minnesota, Marekani, na mwaka 2003 akatoa Bongoland, kisa cha Juma, mhamiaji asiye na karatasi anayehangaika na kazi ndogondogo na simu za nyumbani. Aliyemcheza Juma ni Mukama Morandi. Mwaka 2005 ikafuata Tusamehe, inayohusu virusi vya UKIMWI ndani ya familia ya Watanzania waliohamia Marekani, kisha Bongoland II mwaka 2008. Uigizaji ni mkavu mahali pengi, taa nazo zina matatizo. Lakini Tusamehe ilisema kwa sauti, kwenye meza ya chakula, jambo ambalo nyumba nyingi za Kagera zilikuwa zikilisema kwa kuzunguka: kifua kikuu, malaria sugu, amerogwa.

Kuna filamu moja ambayo nikiisikia ikitajwa mahali pengine huwa naona watu wanazungumza habari ya mapenzi. Bukoba haikuwa hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Ikiwa imeelea tumbo juu, walio nje waliwasikia walio ndani wakigonga. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, na meli ikazama nao. Mwaka mmoja na nusu baadaye dunia ikaletewa Titanic, na kanda zake zikafika Bukoba kama zilivyofika kila mji. Leonardo DiCaprio na Kate Winslet, mabango, fulana, wimbo kila duka. Wasichana wa Dar walimlilia Jack. Bukoba kulikuwa na waliotoka nje meli ilipoanza kuinamia upande mmoja, na waliobaki hawakuwa wakimtazama Jack, walikuwa wakiwatazama wale wasio na majina wanaoteleza kwenye sitaha nyuma yake. Humo staringi alikufa, ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza kibandani hakuna aliyelalamika kwamba mtengenezaji amekosea.

Nigeria niipitie haraka, ingawa haraka si haki yake. Aki na Ukwa, watu wazima wawili wenye miili ya watoto, walituchekesha kuanzia mwaka 2002. Mama G alitutisha. Ramsey Nouah na Genevieve Nnaji waliwafundisha vijana kuvaa. Na waliwafundisha Watanzania kwamba filamu inawezekana kwa kamera ndogo na sebule ya kuazima. Steven Kanumba alilielewa hilo mapema. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akatokea kundi la Kaole, akacheza Dar 2 Lagos mwaka 2006, na baadaye Devil Kingdom akiwa na Nouah mwenyewe. Alikuwa na kipaji cha kulia. Wanaume wa Kitanzania kwenye picha walikuwa hawalii. Yeye alilia wazi, kwa pua na kwa macho, na akina mama wakampenda kama mtoto wao.

Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Mama yake mzazi, Flora Mtegoa, habari zilimkuta Bukoba, akasafiri kwenda kumzika. Tarehe 10 umati uliojaa Leaders Club haukuwa umewahi kuonekana kwa msanii nchini, na mazishi yalifuatwa kwenye runinga mpaka vijijini. Misa za Pasaka mwaka ule zilikuwa na watu wenye macho mekundu kwa sababu mbili. Kwa wiki kadhaa Bukoba ilijihesabu kuwa ni ya wafiwa wa karibu, si watazamaji, na ilikuwa na haki.

Uchekeshaji unadai sura yake peke yake. Muleba imeshawahi kuandikwa na madaktari kwa kicheko: Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi 3 walianza kucheka na kulia bila kujizuia, wakafika 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi, na hali ikaenea hadi Nshamba. Ilikuwa dhiki, wala si furaha, ingawa magazeti ya nje bado yanaitaja kama kichekesho. Wachekeshaji wenyewe wamekuwa na zoezi moja wanalolipenda juu yetu, nalo ni kumwigiza nshomile: Mhaya msomi, suti kubwa, Kiingereza kila sentensi, anayekumbusha watu shahada zake hata kwenye foleni ya maji. Tunacheka, kwa sababu kila ukoo una mjomba wa namna hiyo. Kisasi chetu kilikuwa cha kimya: katika kundi la Ze Comedy, yule aliyejipatia umaarufu kwa jina la Kinyakyusa, Mpoki, nyumbani anaitwa Silvery Mujuni, na hakuna Mhaya anayehitaji kuelezwa Mujuni ametokea wapi.

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ikaleta jambo jipya, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Hai Qing alicheza Doudou, mke kijana aliyekamatwa kati ya mume, mama mkwe na mama mkwe wa pili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja kwa jina. Wakafuata Waturuki, Wafilipino na Wakorea, nao wote siku hizi wanazungumza Kiswahili cha Dar. Mabinti wa Muleba mjini wanawajua masultani kwa ukoo. Watafsiri wa leo wanarekodi studio, kwa karatasi, na hakuna anayemwonya staringi kwamba nyuma yako kuna mtu. Kwangu hilo ni pengo.

Kibanda umiza kimebaki kwa mpira. Mahali ambapo watu wa Kagera bado wanaangalia picha pamoja, wapende wasipende, ni kwenye basi la Dar es Salaam. Linatoka Bukoba alfajiri, linapita Muleba, na kabla halijafika Biharamulo kondakta ameshaweka Mzee Majuto. Amri Athuman wa Tanga alifariki tarehe 8 Agosti 2018, na kwenye basi bado anakimbizwa na mke, anadaiwa, anajificha uvunguni. Vijana wamevaa spika masikioni, wanaangalia Wakorea wao kwenye simu. Siti za mbele akina mama wanamwambia kondakta aongeze sauti. Siti za nyuma wanataka abadilishe. Kondakta anasema flashi anayo moja, na anayetaka nyingine ashuke Lusahunga akanunue.